Mbele ya Transfoma

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka mpaka ulimi. Tangu asubuhi natembea mbele ya lori lililobeba transfoma kubwa kama nyumba, nachoma mchanga kwa fimbo ya chuma. Pakiwa pagumu, nampungia dereva mkono aje. Pakiwa laini, namsimamisha. Dereva ni mume wa dada yangu, na ndiye aliyeniombea kibarua hiki. Kazi yenyewe ni kutembea tu, shemeji, aliniambia. Kweli. Natembea tu!

Kwa mwendo huu hata kobe angetupigia honi. Fundi wetu, tunamwita Spana, yuko nyuma na pikapu ya maji na matairi. Kila tukisimama anasema mwenda pole hajikwai. Jioni nimemwomba anyamaze.

Jumanne, 5 Machi

Malengelenge yamepasuka. Mchana hatuendi, matairi yanapata moto — tunalala chini ya trela. Nilisema kwa sauti kwamba huku hakuna mtu, hakuna mti, hakuna kitu. Spana akaniambia nigeuze shingo.

Karibu na kichwa changu kulikuwa na nyayo za mende. Mshono mdogo, safi, kama wa cherehani, unapanda tuta la mchanga na kushuka upande wa pili mpaka kwenye tundu. Niliufuata kwa magoti na miguu yangu hii mibovu. Sijui kwa nini nilifurahi.

Alhamisi, 7 Machi

Jana sikuandika, nililala na viatu.

Jangwa hili nimewahi kulivuka kwa basi. Nilisinzia njia nzima na nikashuka nikidhani sijapitwa na lolote. Kumbe! Mawe yamelainishwa upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo. Mchanga alfajiri una rangi ya waridi, mchana mweupe wa kuumiza, jioni kutu. Nachoka vilevile, ila siku hizi nachoka nikiwa na kitu cha kutazama.

Leo ua moja la manjano, bila hata jani, katikati kabisa ya njia. Nikampungia shemeji apinde kulia. Alishuka kuuliza kama kuna shimo. Nikasema lipo. Ua lilikuwa mbele ya kiatu chake, naye akageuka kurudi kwenye lori. Nimecheka peke yangu — tani zote zile zimelipisha ua.

Ijumaa, 8 Machi

Sicheki tena.

Jioni swala alisimama juu ya tuta, peke yake, ametulia tuli. Sikutaka kumwona peke yangu. Nikapanda ngazi ya lori, nikamwambia shemeji atazame kule. Akasema, "Enhee. Wengi kweli leo."

Alikuwa mmoja. Na shemeji alikuwa anatazama upande ambao hakuna kitu.

Nilibaki pale kwenye ngazi. Akazima injini mwenyewe, bila kuulizwa. Akasema macho yake yana ukungu tangu mwaka jana, na unazidi. Mbele ya lori anaona kizibao changu cha rangi ya machungwa, basi. Anakifuata. Ndiyo maana alinitaka mimi, ndugu wa mke wake, mtu asiyeweza kumpeleka pabaya. Dada hajui. Bosi akijua, kazi imekwisha. Ameapa kwamba akishusha mzigo huu tu, anakwenda kutibiwa.

Nikamuuliza kuhusu mteremko wa kesho, ule wa kona na korongo. "Si utakuwepo," akanijibu.

Nina hasira naye. Namwonea huruma pia, na huruma inanichosha kuliko kutembea.

Jumamosi, 9 Machi

Tuko juu ya mteremko. Nimemwambia Spana kila kitu. Amesema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hiki kitaumbua watu watatu. Yeye mwenyewe hajawahi kuendesha lori lenye mzigo wa namna hii kwenye mteremko. Nimemwomba shemeji tusubiri dereva mwingine aletwe, hata kama ni wiki nzima. Amekataa. "Usinivunjie nyumba, shemeji." Nyumba hiyo ndimo alimo dada yangu! Amepanda, amewasha injini.

Nimetangulia kama kawaida, lori nyuma yangu, mpaka inapoanzia kona ya kwanza. Bonde lote liko chini, kivuli cha wingu moja kinalivuka bila haraka yoyote. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi, na sina hata nguvu ya kusimama nikitazame.

Nimevua kizibao. Nimekikalia. Naandika nikiwa katikati ya barabara, na shati langu la rangi ya vumbi.

Lori halisogei. Honi — mara ya kwanza, mara ya pili. Sijibu. Spana amesimama kando ya pikapu, simu sikioni, hasemi na mtu bado. Shemeji ametoa kichwa dirishani. Yuko karibu kiasi cha mimi kuona jasho lake. Ananitazama usoni kabisa, anaita:

"Shemeji? Uko wapi?"