Mnong'ono Katikati ya Kelele

Mama, shikamoo kutoka kwenye baridi ya Minneapolis inayouma mpaka kwenye meno!

Leo nilialikwa pilau kwa Wakenya wenzetu, kitongoji cha hapa kiitwacho Brooklyn Center. Nyumba nzima kelele, nami nawaeleza kazi yangu: kuna rada zinazonong'ona ili zisigunduliwe, na programu yetu huukamata mnong'ono huo katikati ya kelele, ikapima masafa ya mawimbi yake upesi bila kuichosha kompyuta.

Mara mama mwenye nyumba akaita kwa sauti ya chini kutoka jikoni, "Mwanangu!" Bintiye akajibu kwa Kiingereza, hata macho hakuinua. Mimi ndiye niliyeruka: "Abee, mama!" Watu walicheka mpaka sahani zikawekwa chini.

Programu ikikosea hivyo, tunaitengeneza upya. Mimi niache hivi hivi. Nong'ona tu huko Kisauni, nitaitika.

Wako, Zuhura