Beseni Lako Lililomwagwa

Mama yangu mpendwa,

Jana majani yako ya maji yalimwagwa. Usimkasirikie Mama Halima, jirani wa plot yetu. Mifereji ya mtaa wetu wa Bulla Pesa imekauka wiki nzima, naye akaona beseni uani, maji yamesimama na kijani kinaelea, akawamwagia mbuzi wake. "Mimi nilidhani ni uchafu ya maji, mwalimu. Nikasema mbuzi isikufe na kiu." Alilia kuliko mimi. Lilibaki tawi moja, limenata ukingoni, limelegea.

Unakumbuka uliponionyesha jani lake mara ya kwanza? Nilikuwa darasani mwako, na aibu zangu za kuwa mtoto wa mwalimu. Niliinama kwenye hadubini nikaona seli zimepangwa kama matofali, na ndani yake chembe za kijani zikizunguka, zikifuatana kando ya ukuta. Nikauliza mbona hazipiti katikati.

"Katikati pamejaa maji," ukasema. "Ute wa seli unazibeba huku pembeni. Si hata sisi Bulla Pesa mvua ikinyesha kila mtu hushikilia ukuta?" Darasa zima lilicheka, nami nikacheka.

Sasa darasa hilo nalifundisha mimi. Na ninaogopa, Mama. Sura yako ninayo, lakini sauti yako imeanza kunipotea. Nyumbani, zaidi ya majani hayo, hakuna kingine ulichokiacha kikiwa hai.

Leo asubuhi nilikata jani moja la tawi lililobaki, nikaliweka juu ya kioo chini ya hadubini darasani. Chembe zilikuwa zimetulia tuli. Wanafunzi walikuwa wananitazama. Nikakumbuka ulivyokuwa ukikifunika kioo kwa kiganja: "Ngoja kwanza, ipate joto." Nikakifunika.

Nilipoinama tena, seli karibu zote zilikuwa vilevile. Moja tu, pembeni kabisa, chembe zake zilikuwa zinasogea, polepole, zikiufuata ukuta. Nikampisha msichana wa dawati la mbele aangalie.

"Mwalimu, inatembea! Lakini mbona haipiti hapa kati?"

"Katikati pamejaa maji," nikajibu, na ile haikuwa sauti yangu.

Tawi nimelitia kwenye chupa dirishani. Sijui kama litaota mizizi. Naenda kulitazama kila nikipata nafasi, na nikifika pale naongea kwa sauti, nikusikie.

Lala salama, Mama.

Ni mimi, kifungua mimba wako