Mbao ya Injinia na Ndoo ya Mama Enesi

Leo ni Jumanne. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nina miaka sabini na saba. Nimewazika kaka zangu watatu, nimemzika Simoni niliyepasua naye mbao miaka thelathini, na nimemzika hata daktari aliyeniambia sitafika sitini. Kwenye msiba wake nilikula sahani mbili.

Sasa sakafu inanishinda.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwenye ukurasa alionifungulia binti yangu Enesi alipochoka kunisikiliza. "Baba, andika humo, watu watakusoma." Shule niliishia darasa la tatu, lakini mkoa huu wote hakuna aliyeijua mbao kunizidi. Ndalambo, Galula, kote nimepasua. Mimi juu ya gogo, Simoni chini shimoni anameza unga wa mbao. Mninga nikiugonga kwa kidole najua umekauka au unadanganya.

Mke wangu, Mama Enesi, yuko Vwawa kwa binti yetu huyo. Alianguka hapa sebuleni, nyonga ikavunjika. Hospitali wameshamruhusu, anatembea kwa kigari cha kushikilia, hatua mbili anapumzika. Huu ni mwezi wa pili sasa nyumba haina mtu wa kunikatalia neno. Enesi amesema mama harudi mpaka marumaru za sebuleni ziondoke au zifunikwe. Akasema tena kwamba Jumamosi hii anakuja na gari. Akikuta sakafu ni ile ile, anabeba vitu vya mama yake vyote. Nguo, sufuria, kitanda.

Kitanda!

Kapeti nimelikataa, kigari kinakunja kingo zake. Saruji tupu ni baridi, mfupa wake hauiwezi. Imebaki mbao. Nikasema basi, hapo wamekuja kwangu. Lakini ukweli niuseme. Mninga mkavu siku hizi sipati, na mbichi ukiupigilia leo, kiangazi kinauachanisha, mvua inauinua. Mlango wangu wa mbele niliutengeneza kwa mikono hii. Saa hizi unapitisha panya, na mvua zikija naufungua kwa bega. Sakafu ikiinuka hivyo, kigari kinakwama, tumerudi hospitali.

Ijumaa iliyopita nilivuka upande wa Zambia, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama muuzaji akanitolea kipande cha ubao, laini, kinapendeza. "Bashikulu, chukua hii. Hii ni injiniadi." Bashikulu ni babu kwa Kibemba, sikukasirika. Nikamwambia, "Injinia mwenyewe yuko wapi? Mwite, nina maswali."

"Injinia wa nini?"

"Si umesema ni mbao ya injinia? Au anakuja siku ya kuitandika?"

Duka zima likacheka. Hata mbeba saruji aliushusha mfuko ili acheke vizuri. "Bashikulu, hakuna injinia! Ni mbao imetengenezwa kiwandani tu."

"Mbao inaota," nikamwambia, "haitengenezwi." Nikaondoka. Kipande nikaondoka nacho, mwenyewe alisema nikakitazame nyumbani.

Nikakitazama. Juu kuna mbao ya kweli, unene kama sarafu mbili. Chini yake ni tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, nyuzi za hii zinakwenda huku, za ile zinakatiza. Aliyefanya hivi anaijua mbao. Tabaka moja ikitaka kujikunja, ya pili inaishika isiende. Mimi na Simoni tulifanya kazi hivyo hivyo, mmoja anavutia juu, mwingine anavutia chini, msumeno unanyooka.

Lakini kilabuni nilikuwa nimeshatangaza kwamba mbao ya gundi haitakanyagwa kwangu. Watu walisikia. Nikatafuta namna ya kushinda.

Namna ilikuwa maji. Mama Enesi hapigi deki kwa kitambaa chenye unyevu kama watu wa maofisini. Anamwaga. Ndoo nzima, kila asubuhi, tangu nimuoe. Maji yanakimbilia mlangoni, mimi nimekaa kwenye kiti miguu juu, namwambia, "Mama Enesi, unataka tuogelee?" Naye ananiambia, "Na wewe ungeoshwa hapo hapo."

Basi kesho yake, Jumamosi, nikakitia kile kipande kwenye beseni la maji. Leo nimekitoa. Kingo zimevimba, ganda la juu limeanza kuachia. Nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Nikampigia simu Enesi. "Mwambie mama yako mbao yenu imekufa! Akimwaga ndoo zake wiki moja tu, imekwisha!"

Enesi akasema taratibu, "Baba, hiyo ndoo nani ataibeba?"

Nikakata simu.

Ndoo bado iko nyuma ya mlango wa jikoni, nimetoka kuiangalia sasa hivi. Ndani ina buibui. Hatainama tena yule mwanamke. Daktari alisema mbele yangu, nami nilisikia, lakini nilisikia kama mambo ya mtu mwingine. Siku tatu nimeishughulikia mbao ile, nikafurahi ilipovimba, na swali dogo hivyo sikujiuliza.

Sasa niandike na lile lingine, maana humu hakuna anayenicheka usoni.

Watu wote wanajua Mama Enesi aliteleza kwa sabuni. Haikuwa sabuni. Marumaru zile ni za ukutani. Nilizipenda zilivyong'aa, nikazitandika chini mwenyewe ili watu waone. Fundi Lwitiko alipita akasema, "Mzee wangu, hizi ni za ukutani, zitawaangusha." Nikamwambia akamfundishe baba yake. Na siku ile majirani walipojaa kumbeba, wakauliza imekuwaje, mimi nikaangalia mlangoni. Aliyesema sabuni ni yeye. Amelala chini, nyonga imevunjika, ananitazama mimi, anasema, "Sabuni. Nilimwaga sabuni."

Hajaligusa tena neno hilo. Nami sijamshukuru.

Kesho asubuhi navuka. Nitamwambia yule mama wa dukani anipe mbao yake ya injinia, ya sebule na ya chumbani, acheke anavyotaka. Ijumaa ile alisema inalala juu ya marumaru hizo hizo, na sponji nyembamba katikati, bila kuvunja kitu. Sitaitandika mimi. Nitakwenda kwa Lwitiko, na akiniambia "nilikwambia," nitaitika. Deki nitapiga mimi, kwa kitambaa kilichokamuliwa, kwa magoti haya. Kilabuni watasema wanavyosema.

Kama itawahi Jumamosi sijui. Na ikiwahi, kama Mama Enesi atakubali kukaa tena na mimi humu ndani, hilo sijui zaidi.

Anayebisha haya amuulize Lwitiko, fundi marumaru, yeye alinionya nikiwa na akili yangu timamu. Habari ya sabuni muulizeni Mama Enesi. Atawaambia ilikuwa sabuni. Msimwamini.