Jemu ya Tini ya Bibi

Mama,

Tini zilizoko juani ziingize ndani kabla umande haujaanguka. Zilizopasuka zipike leo na sukari, zisije zikachacha. Jemu iliyo jikoni ~~usiiguse~~ imwage yote, sufuria uioshe.

Asubuhi bibi kaipika na maji ya bahari, yale ya ndoo tunayochovyea tini za kukausha. Mimi nikamtania, "Bibi, leo unawapikia samaki?" Akaonja. "Frane, nani katia chumvi humu?" Halafu akaiona ndoo tupu, akalia. Hata babu alipokufa sikumwona analia.

Tumepanda feri, nampeleka mjini Split kwa daktari. Kakubali kwa sharti moja tu, wewe usijue. Kwa hiyo tukirudi akikuuliza, jemu ilikuwa tamu, mmeimaliza.

Mwanao