Tohara Iliyongojwa

Alhamisi, 8 Novemba 2007

Niko Kangle, mtaa wa karakana za nguo, tangu asubuhi. Magauni mia mbili ya watoto bado hayana vifungo. Laoban, yaani bosi Mchina wa karakana, anasema kesho, kama alivyosema jana. Nikamwacha, nikarudi mtaani kwetu Xiaobei kwa Miriamu.

Yeye na mumewe Danieli ni Wayahudi wa Arusha, wafanyabiashara wa vipuri. Tunakaa jengo moja. Jumatatu kajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa. Mama yake Miriamu alishafariki. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, lakini kabla ya biashara nilikuwa mkunga miaka kumi na minne. Basi namwogesha mtoto, namkanda mama, napika uji kwa sufuria zao. Mikono haijasahau kitu.

Ijumaa, 9 Novemba

Kafika baba yake Danieli, Mzee Yakobo. Miaka themanini na moja, anatembelea fimbo. Kaja na mto mweupe ambao Danieli alitahiriwa juu yake. Jumatatu, siku ya nane, yeye ndiye atakayempakata mjukuu rabi akimtahiri. Jumatano anaondoka. Wiki ijayo anapasuliwa moyo Nairobi.

Sabato ilipoingia wageni walikuja kupongeza. Dengu za kuchemsha zenye pilipili manga. Nikamuuliza mzee kwa nini siku ya nane. Kasema Mungu aliumba dunia kwa siku saba, ya nane ni zamu ya mwanadamu kutia mkono wake. Na mtoto sharti apitiwe na Sabato kwanza, ndipo aingie kwenye agano la Ibrahimu. Nimelipenda jibu hilo.

Jumapili, 11 Novemba

Macho ya mtoto ni ya manjano. Jana nilidhani ni mwanga tu. Leo nimembonyeza kifuani, nilipoinua kidole ngozi ikabaki manjano. Ananyonya kidogo, analala.

Nikasema apelekwe hospitali, na kesho asitahiriwe. Danieli akawaka.

“Mama Neema, hili ni agizo la Mungu!”

Rabi yuko njiani kutoka Hong Kong. Watu arobaini wamealikwa. Na baba yake huenda asiwe na siku nyingine. Nikamwambia Mungu huyo namjua pia, na manjano nayajua kumzidi yeye Danieli. Nikatoka. Nimeumia. Sijuti.

Jumatatu, 12 Novemba

Rabi kaja. Mtu mfupi, mpole. Hata begi hakuliweka chini, akaomba mtoto, akaenda naye dirishani. Akambonyeza palepale nilipombonyeza mimi.

“Nani aliyaona haya?”

Miriamu akaninyooshea kidole.

“Kaona vizuri. Leo hakuna tohara.”

Danieli akaanza habari za siku ya nane. Rabi akamkata. Sheria iliyoweka siku ya nane ndiyo hiyo hiyo inayotaka mtoto mgonjwa angojwe. Kumtahiri akiwa hivi si ucha Mungu, ni kosa.

Wageni wakala samaki, wakaondoka kimya kimya. Mchana mtoto yuko hospitali chini ya taa ya buluu ya kutibu manjano, kafunikwa macho. Danieli hakunitazama kabisa.

Jumanne, 13 Novemba

Mzee anataka kufuta safari na upasuaji, angojee tohara. Danieli kafurahi. Miriamu kaogopa kusema. Nikasema mimi.

“Shikamoo, mzee. Mjukuu wako amengojwa kwa ajili ya uhai wake. Uhai wako je?”

Akaegemeza fimbo ukutani.

“Marahaba, mwanangu. Wewe mkali.”

Anaondoka kesho. Mto kauacha. Nimelia bafuni, kisha nikanawa uso.

Jumapili, 18 Novemba

Manjano yameisha. Mtoto ananyonya kwa fujo. Rabi kapigiwa simu. Kasema tuhesabu siku saba kamili kuanzia leo, ndipo atahiriwe.

Jumapili, 25 Novemba

Miriamu alinikabidhi mtoto chumbani, nikampeleka hadi mlango wa sebule. Ndani viti viwili. Kimoja ni cha nabii Eliya, wanaamini huhudhuria kila tohara. Hakikaliwi na mtu. Cha pili alikaa Danieli, mto mapajani. Simu ilikuwa mezani, imefunguliwa sauti. Mzee alikuwa anasikiliza kutoka kitandani Nairobi. Upasuaji umepita salama.

Mtoto alilia, akapakwa divai mdomoni, akanyamaza. Ndipo rabi akatamka jina, maana kabla ya tohara halitamkwi. Walikuwa na jingine, wakalibadilisha: Rafaeli, Mungu ameponya. Kwenye simu tukasikia “Amina” ya mzee, kachelewa kidogo kuliko sisi.

Danieli akanifuata jikoni. “Nisamehe, Mama Neema.” Nilishamsamehe. Ila nilitaka aseme.

Jumatatu, 26 Novemba

Kidonda kisafi. Nimebadilisha bandeji, nimepaka mafuta. Miriamu kasinzia kabla sijamaliza kufunga nepi. Nikakaa dirishani na mtoto kifuani. Chini wanapakia maboksi, wanaitana. Mtoto kapiga chafya mara mbili, kaendelea kulala.