Taa Iliyoniitia Mgeni

Mwanangu,

Maharage yako jikoni, nimeyafunika. Pasha moto, usile ya baridi kwa uvivu wako. ~~Na hicho kidude chako kitoe sebuleni.~~

Hapana, kiache hapohapo!

Ulipotoka tu kwenda kununua waya, taa ya sebuleni ikaanza kuwaka na kuzimika. Nikasema balbu imekufa, nikapanda kiti, nikaichomoa. Kushuka, naona kijitaa chekundu cha hicho kidude chako, ile bodi ya umeme uliyoiunda, nacho kinawaka na kuzimika. Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia: mtu akibonyeza kengele, bodi inawasha na kuzima taa, kwa ajili ya masikio yangu haya mabovu. Nikakimbilia mlangoni, balbu mkononi. Shangazi yako alishageuka kuondoka, yuko getini, amenuna.

Miaka yote nisipomsikia akibisha, anadhani namringia! Leo nimemfungulia mwenyewe.

Wewe ni fundi, mwanangu. Kitu kidogo kama kiberiti, kina akili kuliko kaka yako.

Nimetoka na shangazi. Balbu iko kwenye kikombe, irudishe. Halafu kesho rudi karakanani kwenu, usibaki tena nyumbani kunisikilizia hodi. Mlango niachie mimi.

Mama