Spika Juu ya Moto wa Makande

Baba Tumpe wangu,

Mvua haijakatika tangu asubuhi, na wewe unaijua mvua ya Tukuyu, ikishakaa haina adabu. Hapa jikoni niko mimi, moto na paka. Leo nimefanya jambo, na hakuna mwingine wa kumwambia ila wewe, hata kama uko kaburini.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa fundi redio pale sokoni, enzi ambazo hata betri zilikuwa za kutafuta. Biashara ilipofunguliwa, vitu vikaanza kuingia kupitia mpakani Kasumulu, ukarudi siku moja na amplifaya umeivingirisha kwenye blanketi letu. Mtoto tulimfunika khanga. Masanduku ya spika ukayaunda mwenyewe kwa mbao za makasha ya chai, na mitambo yako ya kupigia rege ukaipa jina: Saundi ya Mvua. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani anataka mvua zaidi huku Rungwe?

Lakini mvua ndiyo iliyokusumbua. Karatasi za spika zilinyonya unyevu, besi ikawa teketeke kama uji. Ndipo ulipozipandisha kwenye kichanja changu cha mahindi, juu ya moto.

"Na mbegu zangu zikae wapi?" nikakuuliza.

"Chini ya kitanda, mama. Mbegu hazina harusi Jumamosi."

Nilinuna siku nzima, nikakupa chai bila sukari. Tangu hapo, kokote ulikopiga, Matwebe, Mbeya, mpaka Dar es Salaam uliposimama jukwaani na wale vijana wa rasta, spika zako zilinuka moshi wa jiko langu. Ulinisimulia kwamba watu wa Dar waliuliza nani anachoma nini. Mimi nilijivuna sana, Baba Tumpe. Niliona nami nimepanda jukwaani.

Harusi ya Ikuti siisahau. Watu wamepamba moto kucheza, wewe ukazima spika za kati, mwimbaji akapotea, ikabaki besi na ngoma na mwangwi unazunguka migombani. Mwenyewe uliita dabu. Wenzangu na mimi tulijua chombo kimeungua. Mzee mmoja akakusogelea na fimbo yake, akakuita.

"Gwe, mwimbaji amekufa?"

Ukashika maiki, taratibu kabisa. "Ametoka kidogo, mzee wangu. Anarudi."

Ukamrudisha kweli, na yule mzee akacheza kuliko bwana harusi. Ikawa ndiyo kauli yako. Watoto walikuwa wakikuona njiani wanapiga kelele, "Ametoka kidogo!" na wewe unaitikia, "Anarudi!"

Kisha zikaja redio za watu binafsi, vijana wakataka nyimbo zao, na harusi zikaanza kuita disko za mjini zenye taa za rangi. Ukawa unapiga hapa nyumbani tu, mimi nikichambua maharage, wewe ukizungusha vitufe vyako. Hukulalamika. Spika uliendelea kuzikausha, kana kwamba gari liko njiani kuzifuata. Hata ulipolazwa kule Igogwe, nilipoingia wodini ulinisalimia kwa swali: "Moto upo?"

Nikasema upo. Na tangu tukuzike sijauacha. Ila mtu mmoja hana haja ya moto mrefu, ugali wangu unaiva mara moja. Kwa hiyo napika makande, maana yanachelewa, na sufuria naifunika mvuke usizipande spika. Kila siku makande! Mama Subira jirani yetu alipita, akachungulia sufuria, akashangaa, "Mama Tumpe, una wageni?" Nikamwambia ndiyo. Tumpe naye kila akija ananiomba nikakae naye Mbeya, nami namjibu siwezi kuuacha moto. Anatazama juu, kwenye spika.

Juzi kwaya ya kanisani walikuja kuziomba spika, za kwao zimeharibiwa na unyevu. Nilikataa. Ningewapa, ningebaki na nini chako? Mwalimu wao hakubishana, alizitazama tu pale kichanjani. "Lakini mama, hapa zinasikiliza mvua tu." Aliniudhi, kwa sababu alisema kweli. Hukuzikausha zikae kavu. Ulizikausha zipige.

Basi leo nimewaita, wakazishusha. Nimewaelekeza kwamba baada ya ibada zipande juu ya moto, zisipate mvuke wa sufuria. "Ndaga fijo, mama," wakanishukuru, wakazifunika majani ya mgomba, wakaenda nazo.

Mchana nilikuwa shambani nikasikia wanazijaribu. Kwaya yenyewe haifiki huku, ni mbali. Ilifika besi peke yake. Nilishikilia mgomba nikalia, na furaha nilikuwa nayo pia, usidhani sikuwa nayo.

Nikarudi, nikabandika makande. Yalipoanza kuchemka ndipo nikatazama juu. Kichanja kitupu. Sina cha kukausha, na sufuria imejaa. Nikasema kwa sauti, hapa na paka, "Ametoka kidogo." Nikangoja. Lile neno lako la pili limenishinda kulitamka.

Pumzika, baba. Leo sitaongeza kuni.

Mkeo,
Mama Tumpe